Moyo haukutulia, vipimo viko sawa: muuguzi afanye nini?

SUALI

Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni muuguzi mkunga, bado mgeni kazini, niko wodi ya wazazi katika hospitali moja ya hapa Pemba. Juzi usiku nilikuwa na mzazi aliyejifungua salama mtoto wake wa tatu. Saa 8 nilimpima: presha 110/70, joto 36.8, nikaona kila kitu sawa. Lakini moyo wangu haukutulia juu yake. Aliomba maji, nikampa, baada ya muda kidogo akaomba tena. Mtoto alilia, bibi yake akamchukua, mama mwenyewe hakugeuka hata kumtazama. Nikampigia daktari wa zamu. Akaniuliza vipimo, nikamsomea, akasema basi mwache apumzike. Haikupita saa tukakuta damu imejaa chini yake. Alhamdulillahi aliokolewa. Asubuhi muuguzi mkubwa akaniambia, "Hayo huja kwa uzoefu." Nauliza: kile nilichokihisi kilikuwa elimu au bahati tu? Na kama huja kwa uzoefu, mimi nisiyekuwa nao nifanye nini zamu ya leo usiku?

JIBU

Waalaykumu salaam mwanangu. Kilikuwa elimu. Ila hukuwa umekipa maneno bado, na daktari aliye upande wa pili wa simu hawezi kuchukua hatua kwa jambo lisilosemwa.

Isome tena barua yako, utaona umekwisha kujijibu nusu. Mzazi aliomba maji mara mbili kwa muda mfupi. Mama wa watoto watatu hakugeuka mtoto wake alipolia. Kiu isiyokatika, na mtu kupoteza hamu ya kilicho karibu naye, ni alama za mwili unaopungukiwa na damu. Ulikwisha kuziona zote mbili. Ulipoulizwa vipimo ukasoma vipimo, na hizo ukabaki nazo kifuani kwa sababu chati haina mahali pa kuziandika. Hilo ndilo pengo la kuzibwa, na halihitaji miaka kumi.

Sasa tuje kwenye ile presha, maana ndiyo iliyowatuliza wewe na daktari. Damu ya mama mjamzito huongezeka, na hadi karibu na kujifungua inakuwa imezidi ya kawaida yake kwa asilimia 40 hadi 50. Ni akiba aliyopewa na Mwenyezi Mungu kwa ajili ya uzazi. Mama kijana mwenye afya anapoanza kuvuja, mishipa yake hujikaza na moyo huongeza mwendo ili presha isishuke. Anaweza kupoteza lita nzima na mashine bado ikaandika 110/70. Namba ile haikukudanganya, ila presha ndiyo ya mwisho kushuka. Ukiingoja ishuke ndipo uwe na ushahidi, umengoja mpaka mwili umeshindwa kujitetea.

Kinachotangulia ni mapigo ya moyo, na mapigo hukuyataja kabisa katika barua yako. Chukua mapigo, yagawe kwa presha ya juu, yaani ile namba ya kwanza kati ya mbili. Kama yalikuwa 84, ukigawa kwa 110 unapata kiasi cha 0.76, na hapo ungekuwa na haki ya kupumua. Kama yalikuwa 112, umepita 1. Kwa mzazi, 0.9 na kuendelea ni onyo, hata presha iwe nzuri namna gani. Hesabu hiyo inafanyika kwa simu ya mkononi, hata kwa kichwa: mapigo yakiikaribia presha ya juu, usiondoke kitandani.

Tena 110/70 ya nani? Kama kliniki alikuwa akipimwa 105/65, hiyo ni presha yake. Kama alikuwa na kifafa cha mimba kinachonyemelea na amezoea 150/100, basi 110/70 ni kuanguka, na mama wa namna hiyo hana hata ile akiba niliyoitaja. Fungua kadi ya kliniki uangalie na wekundu wa damu aliokuja nao. Upungufu wa damu kwa wajawazito wetu ni jambo la kila siku, na aliyekuja na damu kidogo huzidiwa kwa kiasi ambacho mwenzake hakihisi.

Halafu kuna kanga. Mzazi wetu hulala kwenye kanga, akajifunika kanga, na damu ikaingia kwenye kitambaa chenye rangi na maua. Macho hukadiria chini ya kilichotoka, ya mzoefu na ya mgeni pia. Utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, matokeo yake yakatoka mwaka 2023, ulionyesha jambo ambalo kila mkunga anapaswa kulijua. Penye makadirio ya macho, karibu nusu ya waliovuja damu kupita kiasi hawakutambuliwa kwa wakati. Damu ilipokingwa kwenye mfuko wenye alama za vipimo, na hatua zote za matibabu zikaanzishwa kwa pamoja, walitambuliwa zaidi ya 9 katika kila 10, na madhara makubwa yakapungua kwa asilimia 60. Huna mfuko? Pima uzito wa pedi na kanga zilizolowa, toa uzito wake zikiwa kavu. Gramu 1 ni takriban mililita 1. Na kila unapompima presha, pitisha mkono wenye glavu chini ya makalio na mgongo wake, kisha weka mkono juu ya tumbo. Kizazi kinatakiwa kiwe kigumu, karibu na kitovu. Kikiwa laini, au kimepanda juu, damu inaweza kuwa imejikusanya ndani hata kama chini ni pakavu. Kibofu kilichojaa nacho hukizuia kizazi kisijikaze, kwa hiyo muulize lini amekwenda haja ndogo.

Muuguzi wako mkubwa aliposema hayo huja kwa uzoefu hakukosea, lakini alikuachia nusu ya maneno. Patricia Benner, muuguzi na mtafiti wa Marekani, aliandika mwaka 1984 kwamba muuguzi hupita daraja tano tangu anapoanza hadi kuwa bingwa. Alilichukua wazo hilo kwa ndugu wawili, Hubert na Stuart Dreyfus, waliokuwa wamewachunguza marubani na wacheza chesi. Anayeanza huongozwa na kanuni. Bingwa huona hali nzima kwa mara moja, na mara nyingi hawezi kukueleza ameionaje. Mimi nachukua mambo mawili hapo. La kwanza, usione haya kufuata kanuni na orodha, ndiyo silaha halali ya daraja lako. La pili, miaka peke yake haimpandishi mtu. Kinachompandisha ni kujua kilichotokea baada ya yeye kufikiri vile alivyofikiri. Wapo waliokaa wodini miaka mingi, na kila mwaka kwao ni ule ule wa kwanza.

Uholanzi kuna watafiti waliochunguza nini hasa huwatia wauguzi wasiwasi kabla vipimo havijabadilika, wakazipanga sababu hizo katika makundi 9. Ukizisoma unaona ni vitu vya macho, masikio na mikono: pumzi zimebadilika, ngozi imekuwa baridi au imepauka, mtu anatetemeka, akili si ile, hatulii, maumivu mapya au yaliyozidi, hapati nafuu iliyotarajiwa, mwenyewe anasema hajisikii vizuri, na la mwisho ni kile alichokiona muuguzi mwenyewe machoni au usoni. Leo usiku moyo ukikataa kutulia, usikae nao kwenye meza ya wauguzi. Rudi kitandani ujiulize: nini kimebadilika tangu nilipomwona mara ya mwisho? Mara nyingi utakipata ndani ya dakika mbili.

Anza na pumzi, maana ndizo zinazodharauliwa kuliko vyote. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na anapoanza kuharibikiwa, kwa damu, kwa maambukizi au kwa mapafu, pumzi huwa miongoni mwa vya mwanzo kubadilika. Lakini angalia chati za wodi yoyote: 20, 20, 20, kuanzia kitanda cha kwanza hadi cha mwisho. Wagonjwa wote hawawezi kupumua sawasawa. Imeandikwa bila ya kuhesabiwa, na linaniuma kila ninapoliona, kwa sababu tunautupa ushahidi mzuri kuliko wote na haukutugharimu hata senti. Hesabu dakika nzima. Shika mkono kama unayepima mapigo, macho yako yawe kifuani, maana anayejua anahesabiwa hubadilisha mwendo wa pumzi zake bila kukusudia.

Kisha maneno. Hapa kwetu ukimuuliza mgonjwa "unaendeleaje?" atakwambia "Alhamdulillahi, sijambo." Atasema hivyo akiwa na nafuu, na atasema hivyo roho ikiwa kooni. Ni adabu na ni imani, na usimtake aiache. Badilisha suali. Mzee wa wodi ya wanaume muulize: alfajiri umesali umesimama, umekaa, au umelala? Jana akisali amesimama na leo amekaa, umepata habari ambayo mashine haikupi. Mzazi yumo kwenye nifasi, damu ya baada ya kuzaa, na hasali, kwa hiyo kwake tafuta njia nyingine: uji umeumaliza? Chooni umekwenda mwenyewe au umeshikwa? Mtoto umempakata au amepakatwa na bibi yake? Na huyo bibi muulize pia. Yeye amemjua binti yake tangu kuzaliwa, wewe umemjua tangu jioni. Akikwambia "mwanangu huyu leo siye", hayo si maneno ya kumtoa njiani, ni ya kuandikwa na saa yake.

Liko na jambo la hina, ambalo vitabu tulivyosomea havikulieleza kwa sababu havikuandikwa kwetu. Tunafundishwa kuangalia weupe wa viganja kutafuta upungufu wa damu, na kubonyeza kucha kuona damu inarudi kwa haraka gani. Mama akiwa na hina viganjani na piko, ile rangi nyeusi, vidoleni, vyote viwili vimefunikwa. Vuta chini kope la jicho uangalie ndani, angalia ulimi, na ule mbonyezo ufanye kifuani au kwenye kipaji cha uso. Oksimita nayo, kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, inaweza kushindwa kusoma juu ya piko nyeusi, kwa hiyo ihamishe kwenye kidole kisicho na rangi au kwenye ndewe ya sikio. Na hata ikisoma, ijue inasoma nini. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi kifaa hicho huwa na mwelekeo zaidi wa kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyomo. Tena 98 ya mtu aliyekwisha damu maana yake ni kwamba ile damu kidogo iliyobaki imejaa oksijeni. Damu yenyewe haitoshi, na kifaa hakikwambii hilo.

Nisikupeleke upande mmoja tu. Hisia ya muuguzi hudanganya pia, na nimefika kuamini kwamba hudanganya zaidi inapokutuliza kuliko inapokutia wasiwasi. Wasiwasi ukikosea, umepoteza dakika kumi za kurudi kumpima mtu. Utulivu ukikosea, mtu ameachwa peke yake. Kwa hiyo usizipime kwa mizani moja. Wasiwasi ufuate kila mara. Utulivu udai ushahidi, hasa pale unapokuja haraka: "huyu ana kelele tu", "huyu mzoefu wa kuzaa", "huyu amechoka, mwache alale". Mwanamke anayepiga kelele leba huitwa hana uvumilivu, anayenyamaza husifiwa, na kumbe kunyamaza ghafla kwa mtu aliyekuwa akilalamika kunahitaji kuangaliwa kuliko kelele zenyewe. Anayelala fofofo saa 8 za usiku mguse, umsemeshe, akujibu.

Na homa ni hivyo hivyo. Wengi wetu tumesoma vitabu ambamo homa ni malaria mpaka ithibitike vingine. Zanzibar maambukizi ya malaria yameshuka chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi sasa, kwa hiyo pima, na usisahau kuuliza kama ametoka Bara karibuni, lakini mzazi mwenye homa siku ya tatu mwangalie kwanza kizazi, matiti, mkojo na kidonda. Mzee mwenye maambukizi anaweza asipate homa kabisa, akaanza kwa kuchanganyikiwa tu. Mwenye presha anayetumia dawa za kupunguza mwendo wa moyo anaweza kuvuja damu na mapigo yasipande, au sukari ikamshuka Ramadhani alasiri bila moyo kwenda mbio. Kwake jasho ndilo litakalokwambia.

Simu. Hapo ndipo usiku ule ulipokwama. Ukipiga kwa kusema "daktari, mgonjwa wangu simwelewi elewi", umempa kazi ya kukubembeleza, na akiuliza vipimo tayari mazungumzo yamekwisha. Jaribu hivi:

"Daktari, mimi muuguzi wa wazazi. Nina mama aliyejifungua saa 5, mtoto wa tatu, nina hofu anavuja damu. Presha 110/70 lakini mapigo 112 na saa 6 yalikuwa 84. Pumzi 24. Ameomba maji mara mbili, hamtazami mtoto, viganja vya baridi. Kizazi ni laini. Nimekisugua, nimemtoa mkojo, dripu iko tayari. Naomba uje umwone sasa hivi."

Yamo manne hapo: kinachotokea, alikotoka, unachokidhania, unachokitaka. La mwisho usiliache. Daktari aliyeamshwa na kupewa habari bila ombi atakushukuru kwa habari na kurudi kulala. Na useme wazi kwamba una hofu, ni neno lenye uzito likifuatana na mambo uliyoyaona. Namba na alama zina faida nyingine hapa kwetu. Tangu 1964 Zanzibar imekuwa ikipokea madaktari wa Kichina kutoka jimbo la Jiangsu, na huenda anayekuja usiku Kiswahili chake ni kidogo. "Moyo haunitulii" litapotea njiani. Mapigo yaliyotoka 84 hadi 112 yatafika.

Asipokuja, mwite muuguzi mkuu wa zamu, na mwenye kufuata juu yake. Andika saa uliyopiga, ulichosema, ulichojibiwa. Si kwa ajili ya kumshitaki mtu. Anayekuja kukusaidia saa 9 atataka kujua mambo yalianzaje. Na wakati unangoja usikae bure: piga kelele upate mwenzako, sugua kizazi, hakikisha njia ya mshipa ipo, anza oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, kwa mujibu wa mwongozo wa wodi yako. Asidi ya traneksamu, dawa ya kusaidia damu igande, ina kikomo cha saa 3 tangu kujifungua, kwa hiyo mkumbushe daktari mapema.

Umeniuliza ufanye nini leo, nakuongezea mawili ya kila zamu. Wakati wa kukabidhiana, baada ya kusomewa vitanda vyote, muulize anayeondoka: "Yupi kati ya hawa usingependa kumwacha?" Atakutajia, na mara nyingi jina hilo halitoki kwenye chati. Anzia kwake. La pili, weka daftari lako dogo, bila majina ya wagonjwa. Moyo usipotulia andika umeona nini na unadhani nini kinakuja, kabla hujajua mwisho wake. Halafu utafute mwisho wake. Mgonjwa akipelekwa hospitali ya mji wa Mkoani, au akavushwa bahari hadi hospitali ya Mnazi Mmoja kule Unguja, kwetu huwa kama amefutika, hatuulizi tena, na hapo ndipo elimu yetu inapovuja. Piga simu kwa mwenzako wa huko uulize ilikuwa nini. Mara ulizopatia na mara ulizokosea zikikaa ukurasa mmoja, utaanza kujua hofu zako zipi ni za kweli.

Kuhusu daktari yule, usimkimbie. Alijibu alichoulizwa kwa namba alizosomewa. Mwendee mchana, akiwa hana haraka, mweleze mambo mawili uliyoyaona na hukuyasema. Kisha muulize akipigiwa simu saa 8 za usiku juu ya mzazi anataka kusikia nini kwanza, uyaandike majibu yake kwenye karatasi na uibandike ukutani karibu na simu ya wodi, mgeni mwenzako atakayeanza kazi baada yako aikute.